Ufunguo Usiokuwapo Ubaoni: Namna ya Kutafuta Funguo Ghafi Adimu Handeni na Korogwe

Katika miji ya Korogwe na Handeni, kama ilivyo katika miji mingi nchini, fundi wa kuchonga funguo huweka meza yake penye watu: kando ya stendi, jirani na soko, au mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Vifaa vyake ni vichache. Ana jiliwa, tupa za unene mbalimbali, pengine mashine ndogo ya kunakili, na ubao uliotundikwa funguo zisizo na meno. Mkazi akileta ufunguo wa kufuli la Tri-Circle au Solex, wa kitasa cha Union, au wa pikipiki ya Boxer au TVS, kazi huisha kabla chai haijapoa. Lakini zipo siku ambapo fundi hupokea ufunguo, huugeuza mara mbili tatu mbele ya mwanga, huulinganisha na zile za ubaoni, kisha humrudishia mwenyewe akisema, "Huu hatuna."

Neno hilo fupi lina gharama. Kwa sababu yake mlango wa chumba cha mpangaji huvunjwa, kabati la chuma la ofisi ya kijiji hupasuliwa kwa patasi pamoja na mihutasari iliyomo, na gari lililoagizwa Japani likiwa na ufunguo mmoja huendelea kutegemea ufunguo huohuo mmoja hadi siku utakapodondoka mtoni. Pamoja na hayo, funguo nyingi zinazosemekana hazipo, zipo. Zimetafutwa kwa jina lisilo lake. Somo hili linaeleza ufunguo ghafi ni nini, kwa nini baadhi yake ni adimu katika wilaya hizi mbili, na mkazi afanye nini ili fundi wake aweze kuupata.

Ufunguo ghafi na alama zake

Ufunguo ghafi ni ufunguo uliokamilika kwa kila kitu isipokuwa meno. Una kichwa, yaani sehemu inayoshikwa kwa vidole. Una bega, yaani pale unapogota mlangoni. Una bapa linaloingia ndani, na ncha. Mkazi akitazama ufunguo wake huona meno kwanza, na huamini kwamba meno ndiyo yanayoutofautisha na mwingine. Kwa fundi, meno ni kazi ndogo, maana tupa huyatengeneza. Kinachomshinda fundi ni mifereji iliyopita ubavuni mwa bapa kutoka begani hadi nchani. Mifereji hiyo hutengenezwa kiwandani, na lazima ilingane na tundu la kitasa. Usipolingana, ufunguo hauingii, hata meno yake yawe sahihi kiasi gani.

Anayetaka kuthibitisha hilo na ashike funguo zake mbili, azielekeze ncha usoni mwake, na kuzitazama kama anavyotazama mdomo wa mfereji. Ataona kila moja ina umbo lake: moja imejikunja mithili ya herufi Z, nyingine ina mfereji mpana upande wa kushoto na mwembamba upande wa kulia. Umbo hilo la ncha ndilo jina halisi la ufunguo. Rangi, ukubwa wa kichwa na maandishi ya kampuni huweza kumpotosha mtu. Kwa pikipiki tahadhari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu funguo mbili za urefu mmoja na kichwa cha namna moja zinaweza kutofautiana kwa mfereji kuwa kushoto au kulia tu.

Vitasa vinavyotumia funguo za namna hii vina asili yake Marekani, ambako Linus Yale Mdogo alipata hataza zake mwaka 1861 na 1865. Ndani ya silinda yake kuna jozi za vijiti vidogo vinavyosukumwa na springi, aghalabu jozi tano. Kila jino la ufunguo huinua jozi yake hadi kimo chake maalumu. Zote zikifika kimo sawia, silinda huzunguka. Ikikosekana hata moja, mlango hubaki umefungwa. Kitasa cha zamani zaidi ni kile cha vibao, ambacho Robert Barron wa Uingereza alikiboresha mwaka 1778. Ufunguo wake una shina la duara, na mwishoni mwake kuna bapa dogo lililosimama kama bendera. Kwa ufunguo huu fundi hatafuti mifereji. Hupima unene wa shina, urefu wake, na upana wa ile bendera.

Kwa nini hapa petu zimekuwa adimu

Wilaya hizi zimepokea vitasa kwa mikondo tofauti, na kila mkondo uliacha funguo zake. Reli iliyojengwa kutoka Tanga wakati wa Wajerumani ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kando yake yalikua mashamba ya mkonge, pamoja na nyumba za mameneja, maghala, na majengo ya misheni. Wakati wa Waingereza vilikuja vitasa vya vibao vilivyotengenezwa Willenhall, mji wa Uingereza ulioishi kwa kazi ya makufuli. Jina la Union, ambalo wakazi wengi hulitumia kama jina la kitasa chochote cha mlango wa mbao, lilitoka huko, katika kiwanda cha Josiah Parkes na Wanawe. Milango ya kale ambayo ingali imara ina vitasa vya ukoo huo, na funguo zake ghafi haziletwi tena kwa wingi kwa kuwa wanaozihitaji ni wachache.

Mkondo wa pili ni wa bidhaa za ujenzi za bei nafuu kutoka China. Hapa uhaba una sababu tofauti kabisa. Kitasa kinachouzwa leo dukani na kile kitakachouzwa mwakani vinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kwa tundu. Duka huleta vitasa. Funguo zake ghafi halileti. Ndiyo maana nyumba mpya iliyomalizwa juzi inaweza kumshinda fundi kuliko nyumba ya babu yenye kitasa cha miaka 60.

Mkondo wa tatu ni wa magari yaliyotumika kutoka Japani. Mengi hufika na ufunguo mmoja. Kwa Toyota za miaka iliyopita, ufunguo wa kawaida si adimu. Tatizo liko kwa zile zenye chipu ndani ya kichwa, ambazo kampuni ilianza kuzisambaza mwishoni mwa miaka ya 1990. Ufunguo wa namna hiyo ukichongwa bila chipu inayotambuliwa na gari, utafungua mlango na kuzungusha swichi, lakini injini haitawaka. Kwa hiyo mwenye gari anapoambiwa ufunguo wake "umepatikana," aulize kwanza kama umepatikana pamoja na chipu, na kama aliyeuleta ana mashine ya kuusajili katika gari.

Ufunguo mmoja, majina matatu

Hapa ndipo utafutaji mwingi hukwama. Viwanda vinavyotengeneza funguo ghafi duniani ni tofauti na viwanda vya vitasa, na kila kimoja kina orodha na namba zake. Silca ya Italia, JMA ya Hispania na Ilco ya Amerika Kaskazini hutengeneza ufunguo uleule kwa majina tofauti. Ule unaotumika katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 huitwa TOY43 katika orodha ya Silca, na TR47 katika orodha ya Ilco. Fundi akiagiza TR47 kwa muuzaji anayefuata orodha ya Silca, hujibiwa kwamba hakuna, ilhali sanduku lake liko rafuni nyuma ya mgongo wa muuzaji.

Dawa yake ni kitabu cha ulinganisho, ambacho hupanga namba za viwanda mbalimbali kwa mistari na kuchora umbo la ncha ya kila ufunguo kwa ukubwa wake halisi. Wauzaji wakubwa wanavyo, na viwanda vyenyewe vimeweka orodha zao kwenye intaneti. Fundi huweka ncha ya ufunguo wa mteja juu ya mchoro, akishapata unaolingana husoma namba zote zilizo mbele yake, na kuagiza kwa kuzitaja zote. Mafundi wengi wa wilaya zetu wamejifunza kazi kwa kukaa na fundi mkubwa, na jicho lao ni kali. Hata hivyo jicho haliwezi kusafiri hadi Dar es Salaam, namba inaweza.

Kuna namba nyingine ambayo wakazi huitupa bila kujua thamani yake. Makabati ya chuma ya ofisini, meza zenye droo na masanduku ya posta aghalabu yamechorwa namba ndogo kwenye uso wa kufuli lenyewe, pale penye tundu. Kwa namba hiyo ufunguo unaweza kuchongwa hata kama wote umepotea, endapo muuzaji ana orodha ya kiwanda husika. Magari mapya nayo hutoka kiwandani na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo. Kibati hicho hakina kazi kikining'inia kwenye ufunguo wenyewe, kwa kuwa vitapotea pamoja. Mahali pake ni kwenye bahasha ya kadi ya gari, nyumbani. Namba zote hizi ziandikwe na zifichwe, maana anayezijua ana nusu ya ufunguo.

Njia ya kuagiza

Kwa Korogwe na Handeni, mahali pa kwanza pa kuulizia ni jiji la Tanga. Maduka ya zamani ya vifaa vya ujenzi huwa na mabaki ya bidhaa ambazo hazitengenezwi tena, na funguo za vitasa vya vibao ni miongoni mwake. Baada ya hapo ni Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, ambako vipuri vya magari, pikipiki na vifaa vya milango huuzwa kwa jumla. Usafiri si kikwazo tena. Mabasi ya barabara kuu yanapita Segera na Korogwe mchana na usiku, na barabara ya lami ya kilomita 65 imeziunganisha Korogwe na Handeni. Kifurushi kilichokabidhiwa asubuhi Dar es Salaam huweza kupokelewa siku hiyohiyo.

Kikwazo ni kiasi. Muuzaji wa jumla huuza kwa pakiti, naye mteja wa Kwenjugo au Kilole anahitaji ufunguo mmoja. Fundi akinunua pakiti nzima kwa ajili ya mlango mmoja, zilizobaki zitakaa ubaoni hadi zishike kutu, na hasara ni yake. Akikataa kununua, mteja huvunja mlango. Hesabu hii haimalizwi na fundi mmoja. Mafundi watano wa miji hii miwili wakiweka daftari moja la maombi, mmoja akahifadhi funguo za makabati, mwingine za pikipiki, wa tatu za vitasa vya kale, pakiti moja ingewatosha wote na wateja wao. Inashangaza kwamba wauza nyanya wa Mombo wamekwisha kuzoea kukodi lori kwa pamoja, lakini mafundi funguo bado kila mmoja ana ubao wake na upungufu wake.

Kwa vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kwa kikundi, mlango wa kugonga ni wa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, zipo pia mkoani Tanga kwa ushauri wa mashine na biashara.

Mkazi naye ana sehemu yake katika kuagiza. Asitume maneno kama "ule wa kitasa cha dhahabu." Apige picha tatu za ufunguo ukiwa umelazwa kando ya rula: upande mmoja, upande wa pili, na ncha ikitazama kamera. Ataje maandishi yote yaliyo kichwani, hata yasiyosomeka vizuri. Picha hizo azitume kwa fundi mmoja anayemfahamu, kisha azifute. Kuziweka katika kundi la mtaa na kuuliza, "Nani anajua unapatikana wapi?" ni kugawa ufunguo kwa watu wote waliomo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walionyesha kwamba programu ya kompyuta inaweza kusoma vimo vya meno ya ufunguo kutoka katika picha iliyopigwa kwa mbali. Fundi stadi mwenye picha safi na tupa hahitaji hata programu hiyo.

Ukikosekana kabisa

Zipo funguo ambazo hazitapatikana, na heri kuujua ukweli huo kabla ya nauli kuisha. Kwa kitasa cha vibao, fundi mzuri anaweza kuutengeneza ufunguo wote kwa mkono kutoka kwenye kipande cha chuma au shaba. Ni kazi ya saa kadhaa, na bei yake ni haki iwe juu. Kwa kitasa cha silinda, huweza kuchukua ufunguo ghafi ulio mnene kuliko unaotakiwa na kuupunguza kwa tupa hadi uingie. Kazi hiyo inafaa ikifanywa kwa subira. Ikifanywa kwa haraka, bapa hubaki jembamba upande mmoja, na siku mlango utakapokuwa mgumu litakatikia ndani. Hapo gharama ya ufunguo hugeuka gharama ya kitasa.

Mkazi asiogope kuuliza ufunguo wake ni wa madini gani. Shaba ya njano huchongeka vizuri na haimalizi vijiti vya kitasa upesi. Chuma ni kigumu zaidi, hudumu, lakini hukila kitasa. Zile nyepesi sana zinazopinda kwa vidole hazifai kwa mlango wa nje wala kwa swichi ya pikipiki.

Njia ya tatu, ambayo husahaulika mno, ni kubadilisha silinda peke yake. Vitasa vingi vya kisasa vimeundwa ili silinda itolewe kwa skrubu moja iliyo ukingoni mwa mlango na nyingine iwekwe, pamoja na funguo zake mpya. Mlango haupasuliwi na mbao hazichongwi upya. Kwa mpangaji anayehamia katika nyumba ambayo wapangaji watatu waliomtangulia walikuwa na nakala, hiyo ndiyo njia bora hata kama ufunguo ghafi unapatikana kila mahali. Nakala inamwongezea yeye ufunguo. Hazirudishi zile zilizo mikononi mwa wengine.

Nani anaruhusiwa kunakili

Upatikanaji wa funguo adimu una upande wake wa hatari. Fundi anayeweza kupata ufunguo wa kila kabati anaweza pia kutumiwa na mwizi bila kujua. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kuwa kosa kukutwa usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Fundi mwaminifu hujilinda kwa daftari: jina la mteja, namba ya simu, tarehe, na aina ya ufunguo. Mteja anayekasirishwa na maswali hayo na atafakari angependa kujibu nini iwapo ufunguo wa nyumba yake mwenyewe ungeletwa kwa fundi huyohuyo na mtu mwingine. Ufunguo ulioletwa ukiwa umekandamizwa kwenye kipande cha sabuni au udongo, bila ufunguo wenyewe, usichongwe hadi mwenye mlango aonekane.

Kwa milango ya umma jambo hili lina uzito wa pekee. Chukulia zahanati ya kijiji kilicho mbali na barabara ya lami, ambayo dawa zake za udhibiti maalumu hutunzwa katika kabati la chuma lenye kufuli. Ufunguo ni mmoja, anao mhudumu, naye amesafiri kwa msiba. Akiletwa mgonjwa usiku, waliobaki watachagua kati ya kuvunja kabati na kungoja. Kabati likivunjwa, dawa hizo zitalala bila ulinzi mpaka kufuli jingine lipatikane, na kwa kabati la aina adimu hilo ni suala la siku nyingi. Hali ni hiyohiyo kwa stoo ya shule na kwa sanduku la mhuri wa kijiji.

Msimamizi wa jengo la umma anaweza kuanza leo kwa kazi isiyozidi saa moja. Apite kila mlango na kila kabati, aandike namba iliyo kwenye uso wa kufuli, ahesabu funguo zilizopo na aliyeshika kila moja. Penye ufunguo mmoja, nakala itafutwe sasa, wakati wa kuulinganisha ungalipo, kwa maana fundi anayeshika ufunguo halisi mkononi hutafuta kwa urahisi kuliko anayesimuliwa. Nakala iwekwe katika bahasha iliyogundishwa na kusainiwa juu ya kifungio na watu wawili, kisha itunzwe katika jengo tofauti na lile lenye mlango wake. Kila inapofunguliwa, tarehe na sababu ziandikwe, na bahasha mpya isainiwe siku hiyohiyo.